Pombe Iliyolala Miaka Kumi na Miwili

Ilianza Jumamosi, saa tisa na robo alasiri kwa saa ya ukutani ya baba mkubwa, ambayo hukimbia kidogo. Ndipo mshenga wa upande wa kuoa alipoingiza mkono kwenye kikapu, sisi tukidhani anatoa kibuyu cha dengelua, akatoa chupa.

Ilikuwa chupa ya kioo cheupe, imebandikwa karatasi ya rangi ya maziwa, na kilichokuwa ndani kilifanana na chai ya rangi iliyopoa. Wazee waliitazama. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe, natamani mtu anitume jikoni.

Nitayaeleza yaliyofuata. Lakini kwanza nataka kumwandika Mwonjaji, maana asiyemjua hawezi kuelewa kwa nini nyumba nzima iligeuka kumtazama bibi mmoja aliyekaa kwenye kigoda, wala kwa nini mimi peke yangu niliangalia chini.

Alikuwa jirani yetu hapa Vudee, mlimani. Uzio wa majani ya isale tu ndio uliotutenganisha naye. Nimekua nikisikia kikohozi chake kabla ya jogoo.

Dengelua ni pombe ya miwa. Miwa hutwangwa kwenye kinu, ikakamuliwa, maji yake yakatiwa matunda ya mwegea yaliyokaushwa na kuwekwa karibu na moto yafanye kazi yenyewe. Ukiiwahi ni maji ya sukari. Ukiichelewesha ni siki. Katikati kuna muda mfupi, na kuujua muda huo ndiyo ilikuwa kazi yake. Posa haikuanza, harusi haikuanza, hata ugomvi wa mpaka haukumalizwa, mpaka yeye awe ameonja na kusema. Hakulipwa. Alichokuwa nacho ni neno la kwanza, na nadhani ndicho kitu pekee alichokihesabu kuwa mali.

Siku ya kuonja hakula chumvi wala hakunusa ugoro. Alikwenda na kata yake mwenyewe, nyeusi kwa kutumika, na bonge la ugali uliolala ndani ya jani la mgomba. Alitafuna ugali kidogo, akateka, akanusa, akaweka kinywani, akawapa watu mgongo. Kisha akatema kwenye majivu. Nilipokuwa mdogo nilidhani anatema kwa sababu ni mbaya. Alitema hata iliyo nzuri. Alisema "Imefika" au "Bado" au "Imepita," basi, akajifuta midomo kwa ncha ya kanga na kuomba kwenda zake.

Hakuwahi kumeza. Mume wake alimeza kwa niaba ya wote wawili, ndivyo alivyosema yeye, mpaka alipoteleza kwenye njia ya kushuka mtoni akiwa amelewa, wakamkuta kesho yake. Sijawahi kumsikia akimlilia. Nimemsikia akimgombeza, akiwa peke yake shambani, kana kwamba ameacha jembe juani.

Kanisani aliimba sauti ya pili na watu walimwogopa. Siku moja mchungaji mgeni alimuuliza mlangoni, kwa kutania, kama mahubiri yamemkolea.

"Yamekuwa mazuri, mchungaji," alisema. "Yangelala siku moja zaidi."

Mchungaji alicheka sana. Jumapili iliyofuata alihubiri kwa kifupi.

Ile miaka ya shida, wakati duka la ushirika lilikuwa na rafu na chumvi tu, na sisi tukifulia majani ya mpapai, siku moja yaliletwa mafuta ya kula kwenye pipa. Watu walipanga foleni tangu alfajiri. Mwonjaji alipofika mbele alichovya kidole, akalamba, akasema kwa sauti, "Haya yamelala na dizeli." Mwenye duka akamwambia bibi, toka kwenye foleni, wenzako wana shida. Akatoka. Wote waliokuwa nyuma yake wakatoka. Mama anasema ilimuuma, maana alikuwa wa nne na debe lake mkononi, na watoto hatukuwa tumekula kitu chenye mafuta tangu sikukuu. Lakini naye alitoka.

Mtu akisoma hapa atadhani alikuwa bibi mwema. Hakuwa mwema hivyo. Alimshtaki baba kwenye baraza la kata kwa sababu ya mgomba mmoja ulioegemea upande wake, akashinda, akaukata, akatuletea mkungu. Watoto tukipita na muwa alituuliza tumeutoa wapi. Alikuwa na kopo la peremende za Krismasi alizoletewa na mwanawe kutoka Morogoro. Alizitunza hata zikayeyuka zikawa kitu kimoja, akawa anakwangua kwa kisu na kutupa vipande vyenye karatasi ndani. "Nilikuwa nangoja siku yenyewe," alisema. Sijui ni siku gani.

Alisema mengi kama hayo. Alisema pombe haina haraka, wenye haraka ni wanywaji. Alisema utamu si sifa, sifa ni ikukumbushe kitu. Na alisema, nami nililisikia hili mara nyingi mpaka likawa kama mlio wa saa, kwamba mdomo ukidanganya juu ya pombe utadanganya juu ya kila kitu.

Mimi nilimpenda kwa sababu moja tu. Hakuniambia niongee. Watu wote huniambia niongee. Nina miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne Same, nangoja majibu, na bado mgeni akija najificha nyuma ya nyumba. Mwonjaji aliniacha nikae kwake nikimenya maharage, akawa kimya na mimi nikawa kimya, na ikitosha nilirudi nyumbani.

Ndiyo maana nilikuwa wa kwanza kujua.

Wakati wa baridi aliugua mafua makali, akalala kwa muda mrefu. Alipoinuka alionekana mzima. Lakini siku moja makande yaliungua jikoni, moshi ukanifikia mimi nje, naye amekaa karibu na chungu akishona. Siku nyingine alikunywa maziwa yaliyoharibika, kikombe kizima, bila kukunja uso. Akaanza kutia chumvi, halafu akatia tena. Niliyaona haya yote na sikusema. Yeye aliniona nikiyaona na hakusema. Tukaendelea na maharage.

Bado waliendelea kumwita. Alikwenda. Nikamwangalia, nikagundua alivyofanya: aliinamisha sikio juu ya pipa, akasikiliza povu. Alitia kidole, akapima joto. Alitazama nyuso za waliotengeneza. Halafu akasema "Imefika." Mara nyingi alipatia. Mara moja, kwenye ubarikio wa mjukuu wa mzee wa kanisa, hakupatia. Watu walikunywa siki wakinyamaza, kwa kuwa yeye ndiye aliyesema, na kila mtu alidhani kinywa chake mwenyewe ndicho kibovu.

Sasa ile Jumamosi.

"Hii ni nini?" baba mkubwa aliuliza.

"Wiski, mzee. Ya Uskochi," mshenga alisema. "Mwaka huu miwa imekauka, mwenyewe unajua. Kijana ameona asije mikono mitupu."

Kijana ni Eliamini, aliyekuja kumposa dada yangu Nakundwa. Ni dereva wa wataalamu wa mpunga kule Ndungu, tambarare. Mmoja wao, mzee wa Kizungu, mkataba ulipoisha alimwachia chupa hiyo haijafunguliwa. Angeweza kuiuza Same. Siku hizi maduka yamefunguka, watu wananunua hata wasichokijua. Hakuiuza. Aliibeba kutoka Ndungu ikiwa imefungwa ndani ya sweta lake la kuendea harusini.

"Wewe msomi," baba mkubwa aliniita. "Hebu tusomee."

Nikaweka sinia chini. Masikio yaliwaka moto. "Imeandikwa ni ya shayiri peke yake," nilisema. "Ya kiwanda kimoja. Haikuchanganywa na nyingine."

"Vizuri. Na hiyo namba?"

"Umri wake, baba. Miaka kumi na miwili."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

Nilitamani nimeze ulimi. Chumba kizima kililipuka.

"Dengelua ikifika siku ya nne unamwagia migomba!" baba mkubwa alisema. "Nyie mnatuletea iliyolala tangu mtoto huyu hajaanza shule?"

"Ndio hao watu wa tambarare," shangazi akadakia. "Wakikuletea mbuzi, jua amekufa mwenyewe."

"Shangazi, mbuzi wetu wakifa wanaaga," mshenga alisema, lakini jasho lilikuwa linamtoka.

"Kwa wenzetu ikilala ndiyo inaiva," Eliamini alisema.

"Mkwe hasemi!" baba mkubwa alimkemea.

Eliamini akarudi nyuma ya mshenga.

Desturi yetu ni kwamba aliyeleta kinywaji ndiye anayetangulia kunywa, ili wenyeji waone kwamba hakuna kibaya. Mshenga akajimiminia kikombe kama anavyojimiminia dengelua, akapiga funda moja kubwa. Macho yakamtoka. Akakohoa, akashika ukuta, machozi yakatiririka.

"Anakufa!" shangazi alipiga kelele.

"Sijafa," alisema kwa sauti ya bawaba kavu. "Ni... ni kali tu kidogo."

Hakuna aliyecheka. Baba mkubwa alisimama. "Basi. Mwonjaji aseme. Akisema imepita, chukueni chupa yenu na kijana wenu mrudi Ndungu, na habari hii isirudi hapa tena."

Nilikuwa nimerudi mlangoni, na dada, nyuma ya pazia la jikoni, akanishika gauni. Alilishika kwa nguvu mpaka likafunguka mshono. Alikuwa amemngoja Eliamini muda wote ambao vitu vilikuwa havipo: hakuna kitambaa, hakuna sukari, hakuna sabuni ya kuogea. Sasa vitu vipo, na kilichobaki ni neno la mtu ambaye mimi nilijua hawezi kutofautisha maziwa na siki.

Mwonjaji alitafuna ugali wake. Akamimina kidogo kwenye kata. Hapakuwa na povu la kusikiliza. Haikuwa na joto la kupima. Akamtazama Eliamini usoni muda mrefu, kisha akanusa, akaweka kinywani, akatugeuzia mgongo. Tulingoja ateme kwenye majivu.

Hakutema. Alimeza.

"Imelala," alisema bila kugeuka. "Lakini haijapita. Imefika. Endeleeni."

Wakaendelea. Mahari ikapangwa, wali ukaliwa, wazee wakaonja matone matone wakakunja nyuso na kusema kweli, imefika, maana yeye alikuwa ameshasema. Chombo kilichoonjwa, kinachobaki ndani ni cha mwonjaji, ndiyo desturi. Eliamini akampelekea chupa mpaka kwenye kigoda kwa mikono miwili. Akamweleza kwamba yule mtaalamu alikuwa na kikombe kimoja cha jioni nzima. Kwanza alikinusa tu, akitazama mashamba. Halafu akanywa kidogo sana. Halafu akadondoshea maji kidogo, akanusa tena, akanywa kidogo sana, mpaka giza.

"Hakulewa?" Mwonjaji aliuliza.

"Sijawahi kumwona amelewa, bibi."

"Huyo alikuwa na adabu," alisema, akaifunika chupa kwa kanga.

Dada aliolewa baada ya mavuno. Siku ya kuondoka mama alilia, shangazi alilia, hata baba alitoka nje akajifanya anaangalia mbuzi. Mimi nilitafuta machozi nikayakosa. Nilimfungia dada kamba ya sanduku. Nilimpungia mkono. Gari lilishuka kwenye kona, likaonekana tena chini, likaonekana tena dogo zaidi, nikawa najiambia sasa yatakuja, sasa yatakuja. Hayakuja. Nikarudi kuosha masufuria. Yalikuwa mengi.

Mwonjaji naye alibadilika tangu ile posa. Walimwita mara mbili akasema mgongo unamuuma. Aliacha kuimba sauti ya pili. Alikaa tu na kitabu cha nyimbo mapajani. Juzi, jioni jua likiwa bado juu ya mgongo wa mlima, aliniita kupitia uzio. Alikuwa hajawahi kuniita.

Nilimkuta amekaa mlangoni. Chupa ilikuwa mbele yake juu ya kigoda, na kata, na kikombe cha maji ya chemchemi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa. Wewe unajua," alisema. Hakuuliza.

"Najua, bibi."

"Tangu lini?"

"Tangu makande."

Akatikisa kichwa. "Siku ile sikuonja kitu. Moto tu, ukashuka, ukaisha. Nimemwoza dada yako kwa uongo."

"Mbona ulimeza?"

Alifikiri. "Nilikuwa naitafuta. Nilidhani labda iko chini zaidi."

Niliitazama chupa.

"Kama ilikuwa imepita," aliendelea, "nitakwenda kwa baba yako mkubwa nimwambie. Ndoa haitavunjika, lakini ajue. Nami sitalala nikiwa sijui. Wewe husemi ovyo. Onja, uniambie. Usinionee huruma."

Alinipa bonge la ugali uliolala, nikatafuna. Alinimiminia kidogo, kiasi cha kulowesha kata. Nilinusa. Nilitaka kusema "nzuri" nikimbie nyumbani.

"Inanukia nini?"

"Asali," nilisema.

"Asali ya nini? Nyuki wapo wengi."

Nikanusa tena. "Ya nyuki wadogo. Ile nyepesi. Na... peasi."

"Zile laini za sokoni?"

"Hapana. Ngumu, za misheni. Ganda lake, ukilikwaruza kwa jino."

Alifumba macho. "Weka mdomoni. Usiikimbie."

Niliiweka. Iliwaka, ulimi ukafa ganzi kidogo, nikangoja. Ganzi ilipotoka vikaja vitu kimoja kimoja, kama watu wanaoingia kanisani. Nikavitaja. Uji wa ulezi unaokaribia kuungua chini lakini haujaungua. Ganda la chungwa lililokaushwa juu ya dohani. Mbao, ndani ya kabati jipya la mama kabla halijatiwa nguo. Sijawahi kuongea muda mrefu hivyo mbele ya mtu. Alinikatiza mara moja tu, kuuliza ulezi wa mlimani au wa chini.

Akadondosha maji kwa ncha ya kidole, tone, tone, kama mtu anayebatiza. "Tena."

Nilinusa. Ukali ulikuwa umekaa chini. Sasa ilikuwa tamu, lakini si utamu wa sukari. Nilimeza kidogo. Ilishuka polepole, ikabaki kifuani kama mkono.

"Inaisha vipi?"

"Haiishi haraka. Inabaki peasi, halafu mbao, halafu joto tu."

"Kuna siki?"

"Hakuna."

"Una hakika? Pembeni mwa ulimi, nyuma?"

Nilingoja. Nilitafuta vizuri, maana aliniomba nisimwonee huruma. "Hakuna, bibi. Imefika."

Akatoa pumzi. Alichukua kata akanywa kilichobaki, polepole, akakishika kinywani kwa muda ule ule wa zamani. Majivu yalikuwa pale. Akameza.

"Umeonja?" niliuliza.

"Hapana." Aliitazama ile njia inayoshuka mtoni. "Lakini nimejua ilipo."

Tulikaa. Mbuzi wa mtu walipita. Nilimwambia kwamba dada alipoondoka sikulia. Sijui kwa nini nilimwambia. Alifikiri kama anavyofikiria dengelua.

"Haijachacha hiyo," alisema. "Imelala."

Alifunga chupa. Kesho, alisema, kwa fundi seremala wanaonja dengelua ya mahafali ya mwanawe, wamepata miwa ya kununua kutoka Maore. Nije mapema, nisile chumvi.

Jana asubuhi nilinawa uso, sikula chumvi, nikamfuata. Uwanja wa fundi ulikuwa na watu, na wote walinitazama, na nikatamani nyuma ya nyumba. Mwonjaji hakukaa. Alisimama mbele ya pipa akasema kwa sauti aliyotumia zamani kwenye duka la ushirika, "Ulimi wangu umekufa tangu baridi. Ile siki ya kwenye ubarikio ni mimi. Mnisamehe." Mke wa fundi aliweka mkono mdomoni. Kisha bibi akavuta kigoda akakisogeza kwangu, akanipa kata.

Nilikaa. Nilitafuna ugali. Niliteka, nikanusa, nikaweka kinywani, nikawapa watu mgongo, nikatema kwenye majivu.

"Bado," nilisema.

Hawakusikia. Nikasema tena, kwa sauti.